Siku ya Kupakwa Hina

Niliacha kuvaa nguo za mikono mifupi, mama akanisifu kwa majirani kwamba sasa najua stara. Stara gani! Kila aliponisifu niliivuta mikono ya gauni hadi vidoleni. Chini ya ile mikono kulikuwa na vidonda vya kujikata mwenyewe. Tangu baba afariki kifua kilinibana, na maumivu ya mkono yalinisahaulisha yale ya kifua kwa dakika chache tu, kisha yale ya kifua yakarudi pamoja na hofu ya kuonekana.

Dada yangu alipokaribia kuolewa, shangazi alikuja kutupaka hina.

"Kunja mkono wa gauni, mwanangu."

Nikasema naumwa. Akanikunjia mwenyewe. Nikafumba macho nikingoja apige kelele. Akaushusha ule mkono wa gauni, akanipaka kiganjani tu, akaninong'oneza kwamba kesho tutakwenda wote hospitali.

Muuguzi aliosha vidonda, akaniuliza wapi panauma zaidi. Nikaonyesha kifua.

"Na hapo patatibiwa," akasema, "ila utarudi mara nyingi."

Nililia kwa sauti. Nilipojikata, mkono haukuwahi kuniuma kama ulivyoniuma pale muuguzi alipoushika taratibu.