Fundi Anayekagua Mikono Kabla ya Injini

Jua halijavuka ukuta wa gereji, na mwanamume mzima amesimama mbele ya meza tupu akifungua gari ambalo halipo.

Vidole vyake vinazungusha spana ya hewani. "Nikalegeza hapa," anasema. "Nikafyatua kibanio hiki, na hiki. Nikainua kifuniko."

Mbele yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekaa mwanamke mnene aliyevaa ovaroli yenye viraka vya kitambaa cha maua. Hamtazami usoni. Anatazama mikono.

Gari lenyewe liko nyuma yao, boneti wazi. Ukiliwasha linatetemeka kama mgonjwa wa homa, na ukiondoa mguu kwenye mafuta linazimika. Mwanamke hajaligusa bado.

"Endelea, mwanangu," anasema. "Hapa si mahakamani."

Mtaa mzima humwita Shangazi. Walioanza ni watoto wa kaka yake, aliyekuwa mwenye gereji hii. Kaka alipofariki aliacha watoto wawili wa shule, deni la kodi ya yadi, na mafundi waliohama na spana zake kabla hata matanga hayajaisha. Dada mtu wakati huo alikuwa fundi cherehani.

"Nilijua kushona tu," anasema. "Lakini nguo ikikaa vibaya mwilini, hukimbilii kuifumua yote. Unatafuta mshono uliopigwa mwisho, unaanzia hapo. Nikasema, hebu tujaribu na magari."

Alichokikuta kilimshangaza, na bado kinamshangaza. Magari mengi anayoletewa hayajaharibika, yametengenezwa. Mwenye gari kaona video kwenye simu, kashika bisibisi Jumapili, Jumatatu gari limegoma. Kwa kadirio lake, katika kila magari kumi, sita ni ya namna hiyo. Kuna aliyesahau kitambaa ndani ya bomba la hewa. Kuna aliyemimina oili mpaka ikafika shingoni, eti injini ishibe.

"Na wote wakifika hapa wana wimbo mmoja: sikugusa kitu!"

Kwa hiyo Shangazi haulizi gari limefanya nini. Anauliza wewe umelifanya nini. Na kwa kuwa mdomo huona haya, anaiomba mikono irudie.

Huyu wa leo ana sababu ya kuona haya. Gari si lake. Ni la baba mkwe, aliyemwazima ampeleke mkewe kliniki baada ya kujifungua kwa upasuaji. Mzee anarudi safari leo mchana, na anatarajia kulikuta mlangoni kwake.

"Nilitaka kumshukuru," anasema kijana. "Nikaona nimsafishie chujio la hewa, nimbadilishie na plagi. Mzee alinikubali nusunusu, Shangazi. Nikadhani ile nusu iliyobaki nitaipatia hapo."

Gereji ya kwanza aliyokwenda jana ilimwambia injini ishushwe yote. "Nilikaa chini, palepale barabarani. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mke wangu."

"Rudia pale pa kifuniko cha chujio," Shangazi anamkatiza.

Anarudia. Mkono wa kulia unainua kifuniko cha hewani. Wa kushoto unabaki pembeni, kidole kidogo kimejikunja.

"Hicho kidole kimeshika nini?"

Kijana anakitazama kana kwamba ni cha jirani. "Kimpira. Kuna kimpira chembamba kama mrija kilikuwa kinanizuia. Nikakichomoa, nikakivuta kando."

"Haya, sasa funga."

Anafunga. Kifuniko, vibanio, spana. Kidole kidogo hakirudi popote. Anasimama vile vile, mikono hewani.

"Ala! Shangazi!"

"Ala nini? Nenda kakitafute."

Kimpira kinapatikana nyuma ya kifuniko, kimelala, mdomo wazi. Shangazi anaeleza kwamba injini ilikuwa ikivuta hewa ya mlango wa nyuma, hewa isiyopimwa, ndiyo maana ikakosa utulivu. Yeye anashika tochi tu. Kijana anakichomeka mwenyewe. Gari linawaka, linajitikisa kidogo, kisha linatulia mpaka unasikia nyundo za jirani.

Jirani mwenyewe, fundi wa bodi, anapenyeza kichwa juu ya ukuta. "Shangazi, ukizidi kuwafungua macho hawa, sisi wenzio tutakula bati!"

"Kuleni, si mmelilainisha siku nyingi!"

Utani huo una ukweli ndani yake. Kimpira hakilipi kama kushusha injini. Siku nzuri humpa kodi na chakula. Ada za watoto husubiri mteja mwenye kazi kubwa. Hata hivyo, kwenye kona, chini ya turubai, ameifunga injini kuukuu juu ya fremu ya chuma, aliyoikusanya kipande kwa kipande kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Ameipa jina: injini ya kukosea. Kila Jumamosi, kwa ada ndogo, wenye magari watakuja kuifungua na kuifunga. Kilichobaki ni kuezeka paa la kona hiyo.

"Watu hutawazuia kugusa magari yao," anasema. "Basi wakosee hapa, nikiwaona."

Kijana anapangusa mikono, anatafuta ufunguo. Shangazi ameutia mfukoni.

"Mpigie mzee kwanza."

"Si limepona, Shangazi?"

"Limepona. Lakini siku likisumbua, fundi atamuuliza mzee nani alilifungua, naye ataapa hakuna. Watamshushia injini bure."

Kijana anapiga, anaweka spika ili Shangazi asikie. "Shikamoo, baba." Anasema yote, mpaka kimpira.  Nyundo ya jirani imesimama.

"Kile kifuniko," mzee anasema, "umekifungua wewe?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Mimi kimenishinda tangu nilinunue hilo gari. Umekifunguaje?"

Kijana anaanza kueleza, na mkono ulio huru unapanda tena hewani: vibanio, kifuniko, kimpira kando. Halafu anafunga, na safari hii kidole kidogo kinarudi mahali pake.

"Huyo fundi," mzee anauliza, "na wazee anawafundisha?"

Shangazi anautoa ufunguo mfukoni, anamrushia kijana.

"Mwambie Jumamosi. Paa bado, aje na kofia."