Dirisha la Rozalie

Wanangu, hiki ninachokiandika hamtakiamini. Mkikiamini mtakuwa watoto wa kwanza Nebraska nzima kumwamini baba yenu mdogo Matej, na mtanitia wasiwasi. Basi kaeni na mashaka yenu, ila msome mpaka mwisho.

Namwandika shemeji yangu Rozalie Hruska, mjane wa kaka yangu. Mnamjua kama bibi wa bata bukini anayewafukuza jikoni kwa mwiko. Mimi namjua tangu hapa hapajawa na mti hata mmoja, nyasi tupu mpaka mbingu inapoanza, na mwanamume mwenye akili timamu anafunga ng'ombe kwenye gurudumu la mkokoteni kwa sababu hakuna pengine pa kufunga. Wakati huo nilikuwa kijana mzuri wa sura. Muulizeni yeyote, isipokuwa Rozalie.

Kaka alikufa kwa homa mwaka wao wa pili hapa. Watu wakadhani Rozalie atapanda treni arudi kwa wazazi wake Omaha. Yeye akaingia shambani na jembe la kaka, akalima, akamaliza kuta za nyumba kwa mikono yake. Nyumba zetu mnazijua kwa kusikia: tunapasua ardhi kwa plau, tunakata matofali pamoja na nyasi na mizizi yake, tunapanga. Mvua ikinyesha nje siku moja, ndani inanyesha tatu. Nyoka anadondoka darini wakati mnasali kabla ya kula, nanyi hamfumbui macho mpaka amina.

Sasa kitu alichokuwa nacho Rozalie, na bonde zima halina, kilikuwa dirisha. Dirisha la kweli, fremu ya mbao na vioo vinne. Alikuja nalo kutoka Omaha limefungwa ndani ya godoro lake la manyoya, na njia nzima kaka alitembea kwa miguu kando ya mkokoteni ili godoro lisibanwe.

Serikali ilitupa ardhi kwa masharti. Ukae miaka mitano, ulime, ujenge nyumba. Siku ya kuchukua hati, majirani wawili waape mbele ya karani kwamba wameiona nyumba yako kwa macho yao, ina mlango na ina dirisha la kioo. Na sisi Wacheki wa bonde hili ni watu wa kanisa. Kuiba tikiti maji la jirani, sawa. Kuapa uongo na mkono uko juu ya Biblia, hapana.

Ndiyo ukawa utaratibu. Familia ikikaribia siku yake, inakwenda kwa Rozalie kuazima dirisha. Tunalibeba ndani ya godoro lile lile kama bi harusi, watu wawili mbele na mmoja nyuma wa kuonya mashimo. Tunalipachika tunduni. Mashahidi wanakuja, wanatazama, wengine wanapiga chafya juu ya kioo na kukifuta kwa mkono wa shati ili wawe na hakika. Kisha wanakwenda mjini kuapa, dhamiri nyeupe kama maziwa. Dirisha linarudi kwa Rozalie na sahani ya kolache, maandazi yetu yaliyojazwa jamu ya plamu.

Tatizo ni kwamba halikuwa likikaa. Leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Bonde zima lilipata hati kwa dirisha lile, na mwenyewe alikaa gizani, tundu lake limezibwa kwa gunia la unga lililopakwa mafuta ya nguruwe. Nilimwambia, "Shemeji, unakaa kama fuko." Akasema, "Fuko hana shemeji wa kumpigia kelele. Ananishinda kwa hilo."

Ikafika zamu yake. Hapo akatokea Pruitt, mfuga ng'ombe aliyekitamani kijito cha Rozalie kuliko alivyompenda mkewe. Akapeleka malalamiko ofisi ya ardhi: mjane yule hana nyumba, ana shimo, anyang'anywe. Ofisi ikajibu kwamba mkaguzi atakuja mwenyewe kuona, Alhamisi. Asipokuta nyumba yenye dirisha la kioo, shamba linamtoka, na kaburi la kaka likiwa humo humo.

"Dirisha liko wapi?" nikamuuliza.

"Kwa Kaspar Zelenka. Kesho linarudi."

Kesho yake Jumanne akaja Kaspar, ila mikono mitupu. Nyumba ya Kaspar ilichimbwa ubavuni mwa kilima, na paa lake lilikuwa majani mazuri kuliko malisho yake. Alisimama mlangoni kwa Rozalie akizungusha kofia.

"Ng'ombe mzima," akasema.

"Sijakuuliza ng'ombe," Rozalie akamjibu.

"Nimeanza na ng'ombe kwa sababu yeye ndiye mzima."

Ng'ombe wake alipanda kula paa, mvua ilikuwa imelilainisha, akapita nalo mpaka chini. Aliangukia kitandani. Godoro la Rozalie lilikuwa kitandani, na dirisha lilikuwa ndani ya godoro, tayari kwa safari. Mke wa Kaspar alikuwa bado analia, na ng'ombe bado yuko chumbani kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba kuliko yeye.

Rozalie hakumtukana. Mimi nilikwisha kuandaa matusi mazuri, akaninyamazisha kwa mkono. Mji wenye duka la vioo ulikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa mpaka juu. Alikaa kitandani, akatazama lile gunia. Kisha akainuka, akachukua chupa ya dawa ya kifua kwenye rafu, akatoka nayo nje, akaiinua kwenye jua na kufumba jicho moja.

"Kaspar," akasema, "nyumbani kwako mna chupa?"

"Tupu au zenye kitu?"

"Chupa."

"Ipo ya harusi yangu. Ina kitu."

"Basi mna kazi ya kufanya, wewe na shemeji yangu."

Habari ikazunguka bonde kabla ya jioni. Kila nyumba iliyowahi kuazima dirisha ilileta chupa. Bia, siki, mafuta ya nyonyo, na zile dawa za tumbo za akina mama ambazo, mimi nilizionja, hazikuwa za tumbo. Zilizokuwa na kitu ilibidi zimwagwe, na wanaume wa bonde hili hawamwagi ovyo. Tulijitolea. Rozalie akakanda udongo na makapi ya ngano, akazipanga chupa tunduni kama matofali, matako ndani, midomo nje. Jumatano alasiri jua likaingia. Kijani, kahawia, na buluu moja ya mafuta ya nyonyo, likatapakaa sakafuni mpaka kwenye miguu yake. Alisimama pale kwenye rangi, mikono yote udongo. Mke wa Kaspar akataka kumwita aje ale. Nikamshika mkono, nikamwambia amwache kwanza.

Alhamisi mkaguzi akaja, na Pruitt kando yake. Upepo ulikuwa unapuliza midomo ya chupa, ukuta mzima unaguna kama kanisa kabla ya misa.

"Dirisha hilo?" Pruitt akasema. "Huo ni ulevi uliojengewa ukuta."

"Ni kioo," Rozalie akamwambia mkaguzi. "Gonga, bwana."

Mkaguzi akagonga. Akakuna shingo. Akasema sheria haijamweleza kioo kiwe cha umbo gani, lakini naye ana mkubwa wake. Rozalie alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, nami nikaona miaka yake mitano yote imekaa kwenye ulimi wa mtu yule. Hapo ndipo baba yenu mdogo nilipoingia. Nikavua kofia, nikasimama katikati yao, nikaanza kuwachambulia sheria ya ardhi kifungu kwa kifungu, kwa Kiingereza kilichonyooka kama reli, mpaka mkaguzi machozi yakamlengalenga, na Pruitt mwenyewe akapiga magoti sakafuni akashika kiatu changu aki...

"Shemeji."

Rozalie amesimama nyuma yangu, mikono ina unga, anasoma juu ya bega langu.

"Ulikuwa umelala zizini. Mkaguzi alikaa kitandani kwangu, akatoa gazeti mfukoni, akamsomea Pruitt bei za ng'ombe kwa mwanga wa chupa, ukurasa mzima, taratibu. Alipomaliza akaniuliza jina langu linaandikwaje, akaliandika. Futa yote hayo kuanzia kwenye kofia. Na kofia yenyewe hukuwa nayo."