Gari la Udongo la Damaris Nyamusi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Damaris Nyamusi ni kiganja chake. Kilikuwa kwenye boneti ya gari la mtu, karibu na soko la Asumbi, kikitembea polepole kutoka taa hadi kioo kama mtu anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Udongo ulikuwa umemkaukia hadi viwikoni. Mwenye gari akatoka dukani mbio.

"Mama, unapangusia matope yako kwa gari yangu?"

"Siibi, baba. Naangalia mahali upepo unapita."

"Upepo! Hiyo ni Probox, si ndege."

Watu wakacheka. Yeye akaendelea hadi taa ya nyuma, akasema waliolichora gari lile walikuwa wamechoka walipofika huku mwisho. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo, shahada ya usanifu wa bidhaa, na kwa miaka minne ya masomo sikuwahi kumsikia mhadhiri akilisema jambo hilo kwa maneno machache namna ile. Nikamfuata hadi kwake.

Damaris alizaliwa Ntimaru akaolewa huku, bondeni nyuma ya misheni, na Nicanor Obare, fundi wa kuezeka. Ufinyanzi alifundishwa na mama mkwe wake. Miaka mitatu iliyopita Nicanor alianguka kutoka kwenye paa. Gari halifiki bondeni, kwa hiyo alipakiwa kwenye pikipiki, akabanwa katikati ya wanaume wawili, wakapanda naye kilomita tatu za mawe. "Alianguka mara moja tu," Damaris huniambia, "lakini alivunjika njia nzima." Tangu hapo Nicanor hatembei. Kila baada ya wiki mbili anatakiwa kwenda kunyooshwa miguu, na kila safari ni pikipiki ile ile. Oktoba iliyopita alikataa kwenda tena. Miguu ikaanza kukauka.

Hapo ndipo Damaris alipoanza kuchora kwa makaa ukutani. Alichora jiko linaloinuka lenyewe hadi usawa wa mkono wa mtu aliyekaa. Alichora kikombe chenye shingo iliyopinda, cha mtu anayekunywa akiwa amelala. Hicho alikifinyanga, akakichoma, na Nicanor anakitumia mpaka leo. Lakini ukuta mzima wa mashariki ulikuwa wa gari. Lina magurudumu matatu mapana, halina milango, limetuna katikati kama dapi, mtungi wa maji wa Wajaluo, na ndilo jina alilolipa. Ndani kuna kitanda kinachoning'inia kwa kamba nne, kisiguse mwili wa gari. Paa linakusanya jua la kuliendesha.

"Mwanamke akibeba dapi kichwani, njia inaruka, maji hayaruki," alinieleza. "Mgonjwa ni maji."

Nikamwonyesha kwenye simu jinsi viwanda vikubwa vinavyounda gari jipya: kabla ya chuma, watu hulichonga zima kwa udongo. Akaitazama video ile mara nne.

"Kumbe na hao ni wafinyanzi! Nicanor, njoo uone. Ah, nimesahau."

"Mimi nitakuja," Nicanor akajibu kutoka chumbani, "ukinitumia gari."

Tulituma picha za ukuta kwenye shindano la magari ya kesho, lililoandaliwa na watu wa Nairobi. Mshindi, gari lake lingetengenezwa la kweli, na la kwanza angekabidhiwa yeye. Januari ujumbe ukaja: Damaris ni miongoni mwa sita waliobaki. Majaji wangezunguka wiki ya pili ya Februari kuona mfano wa ukubwa kamili.

Aliujenga kwa siku kumi na tisa, chini ya kibanda cha mabati. Mifupa ilikuwa miti na waya, na juu yake udongo wa mtoni uliochanganywa na vigae vilivyotwangwa. Ulipokamilika niliuzunguka mara mbili. Nimeona michoro mingi ya magari ya kesho, yote yanang'aa, yote hayana mtu ndani. Hili lilikuwa na umbo la kumngoja mtu fulani.

Lakini udongo wa viwandani una mafuta, haukauki. Wa mtoni unakauka, na ukikauka bila kuchomwa unapasuka. Hakuna tanuru la kumeza gari, na hata lingekuwepo, miti iliyomo ingeungua. Njia ilikuwa moja: kulifunika kwa magunia na kulimwagia maji hadi majaji wafike. Madumu kumi na mawili kila siku, kutoka kijito kilichokuwa kikipungua. Vyungu akaacha kufinyanga.

Februari wakasema Machi. Machi wakasema Aprili. Kuku alipanda kwenye kitanda cha udongo ndani ya gari akaacha nyayo tano. Damaris akazilainisha kwa kijiko. Shemeji yake Cephas alikuwa akipita kila jioni.

"Shemeji, leo imeenda kilomita ngapi?"

"Imekungoja wewe uisukume."

"Mimi? Nikiigusa inarudi mtoni!"

Kisha mvua zikaanza, na paa la kibanda lilivuja. Upande mmoja ulikauka ukapasuka, mwingine ukalainika ukateleza. Nilipopiga simu kwa waandaaji, haikupatikana. Wiki iliyopita nikaona kwenye mtandao picha za majaji wakiwa na washiriki watano, wote wakicheka kando ya mifano yao. Niliona si haki kumficha. Nikamwonyesha.

Alizihesabu picha kwa kidole. "Hao wako karibu na lami," akasema. "Sisi ndio wa mwisho."

"Damaris," Nicanor akaita, "liache lianguke. Hata wakija leo, hilo gari la kweli litanikuta wapi?"

"Litakukuta hapo hapo. Utaenda wapi?"

Nicanor akacheka, kisha akageukia ukuta. Mguu wake wa kushoto sasa ni mwembamba kuliko mkono wangu.

Ujumbe wa mwisho tulionao unasema Alhamisi ya mwisho ya Aprili, bila saa. Leo ndiyo Alhamisi yenyewe. Asubuhi alimvalisha Nicanor shati jeupe, tukambeba hadi kwenye kiti mlangoni. Usiku ufa ulikuwa umekikata kitanda katikati, upana wa kidole. Ameuziba mara tatu, na mara tatu umefunguka. Saa nne tukasikia injini juu ya kilima. Akasimama wima, mkono juu ya gunia.

"Hiyo ni trekta," Nicanor akasema, taratibu, kama anayemwomba msamaha.

Ilikuwa trekta.

"Nyathina," Damaris akaniambia, yaani mtoto wangu, "panda pale juu. Ukiwaona, pungia mkono, nivue magunia. Nikiyavua mapema litakufa."

Nimepanda. Kutoka hapa naona barabara upande wa Rangwe na upande wa misheni, zote tupu, na wingu linajaa juu yake. Simu yangu nimeiweka kwenye jiwe lenye mtandao. Chini bondeni shati jeupe halijasogea, na kando yake Damaris ameshika ncha mbili za gunia, uso ameuinua kwangu, anangoja niinue mkono.