Eropleni Iliyopunjwa Bawa

Jamani, chekeni, nimewaruhusu, maana Tanga nzima ilikwisha kucheka kabla yenu na mimi sikufa. Lakini mjue kwanza kwamba ufundi nilikuwa nao kweli, si wa kubabaisha. Watu wa Ngamiani walikuwa hawaozi binti bila kupita barazani kwangu kuagiza kitanda, na hicho ndicho kilichonitia kiburi nikadhani mbao ni mbao tu, ziwe za kulalia au za kurukia.

Palikuwa na mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge nje ya mji, sisi tukimwita Bwana Mluzi kwa sababu alikuwa akipiga mluzi kutwa (jina la kwao ulimi wangu haukuliweza). Alikuwa na eropleni kuukuu, ndogo, ya mbao na kitambaa, yenye viti viwili, akataka kiwiliwili kirefushwe kipate kiti cha tatu, na mabawa nayo yaongezwe ili yaweze kuubeba huo uzito. Mafundi wa mjini wote walimkatalia. Alipofika kwangu hata sikumwacha amalize. "Lete, bwana," nikamwambia. "Hicho ni kitanda chenye mkia tu."

Niseme kweli, sikuwa nikiitaka eropleni yake, nilikuwa nikimtaka Zuhura. Baba yake, Mzee Mbwana wa Usagara, alikuwa amenirudishia posa kwa maneno ya kuchoma: "Sina binti wa kumpa mchonga matendegu ya vitanda." Basi nikaona Mungu kanijibia. Nikamwendea, nikamwamkia shikamoo, nikamwalika siku ya kuirusha, nikamwambia na mimi nitakuwamo ndani, kiti cha tatu, aone matendegu yakipaa. Mzee akanitazama weee, akasema, "Nikikuona juu kwa macho yangu, posa naipokea." Wallahi nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima.

Kiwiliwili nilikifanya mwenyewe na kilinyooka, mpaka leo sioni wa kukikosoa. Mabawa ndiyo yaliyoniponza. Siku zilikuwa zimebana, nikamwita shemeji yangu Hamisi, mume wa dada yangu, ambaye useremala aliuanza ukubwani baada ya miaka mingi ya kuuza vitambaa dukani kwa mjomba wake. Bwana Mluzi alituletea futi ya chuma, nikaitundika msumarini. "Futi ni ya asiyekuwa na mkono," nikasema (na maneno hayo nilikuja kurudishiwa sokoni na kila muuza samaki). Nikamwambia Hamisi, "Mimi bawa la kulia, wewe la kushoto, kila moja liongezeke dhiraa nne." Akajibu, "Dhiraa nne, shemeji." Kila mtu akalifanya lake uani kwake, tukayakutanisha asubuhi ya siku yenyewe.

Bwana Mluzi akasimama mbele ya eropleni yake, akainamisha kichwa. "Fundi, hili la kushoto si fupi?"

"Hicho ni kivuli cha asubuhi, bwana," nikamjibu. Na mimi nilikuwa nimeliona, msiniulize, lakini watu walikwisha jaa uwanjani, Mzee Mbwana amekaa kitini mbele yao wote, na mimi nimevaa kanzu yangu ya Idi. Ningeanza kupima saa ile?

Tukapanda. Injini ikanguruma, nyasi zikalala, tukaanza kukimbia na mimi nampungia Mzee Mbwana mkono kama gavana. Mara bawa la kulia likanyanyuka, la kushoto likagoma, eropleni ikainama upande kama mlevi, ncha ikakwaruza chini, tukazunguka, tukazunguka tena, watu wanakimbia na viatu mkononi, lahaula, tukauacha uwanja na kuingia shambani. Bwana Mluzi alibaki kitini mwake mzima wa afya, ila mluzi umemkauka. Mimi nilirushwa nje nikakaa juu ya mche wa mkonge, na mnaoijua miiba ya mkonge mnajua nilikaa na nini.

Futi ikaletwa, bawa moja likaonekana limepungukiwa. Nikamgeukia Hamisi, "We, dhiraa yako ipi?" Masikini, akakunja ngumi, akaonyesha toka kiwikoni mpaka kwenye ngumi. "Si hii, shemeji?"

"Hiyo ni konde! Mkono unanyooshwa mpaka ncha ya kidole!"

"Anayenunua ndiye anayenyoosha," akasema. "Sisi wauzaji tunakunja."

Mama mmoja akapaza sauti, "Kumbe ndiyo maana kitambaa chake cha marekani hakikunifika magotini!" Basi uwanja ukaangua kicheko, watoto wakaanza kuimba kwamba tumempunja mzungu bawa.

Mzee Mbwana akasogea, hacheki. "Fundi wa kazi hii nani?" Kidole kilikuwa kimekwisha kuanza kumwelekea Hamisi, nikakirudisha. "Ni mimi, mzee." Akaguna, akashika njia yake. Nililia, sifichi, na si kwa miiba.

Bawa nililitengeneza upya, kwa futi, na eropleni ikaruka mpaka Pangani ikarudi salama (hilo hakuna anayelikumbuka). Siku moja Mzee Mbwana akaniita barazani kwake. "Nilisema nikikuona juu," akaanza, na mimi nimeinama. "Na nilikuona. Juu ya mkonge. Sikusema juu ya nini." Hapo ndipo alipocheka, akacheka mpaka akashika ukuta. "Na mtu anayesema 'ni mimi' huku amejaa miiba, huyo nitamwamini na binti yangu. Ila kitanda chenu utakipima kwa futi!"

Nilikipima kwa futi. Na toka siku ile sishiki randa kabla sijamwuliza mwenzangu: umekunja au umenyoosha? Lakini Zuhura hana dogo. Mpaka leo nikianza kujisifu mbele ya wageni, hanikatizi. Ananikunjia ngumi tu pale alipokaa, ananionyesha kiwiko, na mimi naanza kuwauliza wageni habari za kwao.