Bi Kaunta na Karatasi ya Maelekezo

Dukani walimwita Bi Kaunta, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Mwaka wa sita sasa alikuwa nyuma ya meza ileile ya kioo, akiuza vipuri vya umeme na kupokea vilivyorudishwa. Kilichouzika zaidi ni bodi ya kujifunzia, kidude cha kijani cha ukubwa wa kiberiti. Ukikichomeka kwenye kompyuta na kukiandikia amri, kinawasha taa, kinapima joto, kinazungusha mota. Watu walikinunua wakiwa na nyuso za maharusi, wakakirudisha na nyuso za waliofiwa.

"Imekufa hii," walisema.

Bi Kaunta aliandika "imekufa" kwenye daftari, akaipeleka bodi chumba cha nyuma. Huko alikaa mwenye duka, mume wa dada yake, fundi aliyeibuni bodi hiyo kwa mikono yake na kuiandikia karatasi ya maelekezo. Shemeji aliichomeka, akabonyeza hapa na pale, taa ikaanza kukonyeza.

"Buheri wa afya," alisema. "Ugonjwa hauko kwenye bodi, shemeji. Uko kwa watu. Hawasomi."

Wiki moja zilirudi kumi na tisa. Kumi na nane zilikuwa nzima kabisa. Ya kumi na tisa ilikuwa imemwagiwa chai.

Bi Kaunta naye aliamini kwamba watu hawasomi, mpaka siku aliyokuja fundi cherehani wa mtaa wa pili. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyetaka kutengeneza kengele ya kumkumbusha kuwa pasi yake bado inawaka. Alipoitoa bodi mfukoni, ilitoka pamoja na karatasi ya maelekezo. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imetoboka, na kila mstari umepigiwa penseli chini.

"Nimeisoma mara nne, dada," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. "Nadhani kichwa changu kimeshapitwa na mambo haya."

Maneno hayo yalimchoma Bi Kaunta. Aliijua kazi ya mtu yule. Mshono wake ulikuwa umenyooka kama uzi wa mwashi. Mtu wa namna hiyo si mjinga, na aliyesoma mara nne huwezi kumwambia hasomi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jumamosi ile, alipokwisha kuanika nguo, Bi Kaunta aliketi mezani nyumbani kwake na bodi mpya, kompyuta ya kuazima, na karatasi. Hatua ya kwanza ilisema: "Sakinisha kiendeshi kinachofaa, kisha chagua poti husika." Aliisoma. Akairudia. Kiendeshi kipi, na kinamfaa nani? Poti gani, na inahusika na nini? Alichomeka bodi kwa waya wa simu yake, kitaa chekundu kikawaka, akajipa moyo. Lakini kompyuta ilikaa kimya kama aliyenuna. Alizima, akawasha, akageuza waya, akaibembeleza, hata kusema nayo. Kimya.

Ilipofika alasiri, kwa kuchoka tu, alichukua waya mwingine uliokuwa wa kamera ya zamani. Kompyuta ikalia "ting!" Hapo ndipo alipong'amua: waya wake wa simu ulikuwa wa kuchajia tu. Ulipitisha umeme, haukupitisha habari. Kile kitaa chekundu kilikuwa kimemdanganya mchana kutwa. Alicheka peke yake mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Jumatatu alimweleza shemeji yake.

"Lakini hilo kila mtu analijua," alisema shemeji bila kuinua macho. "Mwenye macho haambiwi tazama."

"Kila mtu nani? Mimi nipo hapa mwaka wa sita na sikulijua."

Shemeji akainua macho.

"Nipe saa moja," Bi Kaunta akasema. "Nitamleta mtu asome karatasi yako. Wewe utakaa, utatazama, na hutatia neno. Hata ukiona anataka kuichomeka bodi puani."

"Mtu gani?"

"Shangazi."

Hapo shemeji alikwama, maana shangazi wa mkeo hakataliwi. Shangazi alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke aliyenyooka mgongo na ulimi. Tangi lake la maji la juu ya paa lilikuwa likifurika kila mara, naye alitaka kitu cha kumpigia kelele kabla halijafurika.

Alhamisi wakakusanyika chumba cha nyuma. Shemeji alimwamkia, akaitikiwa, akakaa kwenye stuli na kukalia viganja vyake. Bi Kaunta alishika daftari. Shangazi alivaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Hatua ya kwanza, ile ya kiendeshi na poti, ilimshika robo saa nzima, ndipo akafika ya pili.

"'Unganisha taa kwenye pini ya kumi na tatu.' Haya. Taa ninayo. Mbona ina miguu miwili? Upi uende wapi?" Aliigeuza karatasi, akatazama nyuma, akairudisha. "Haikusema."

Bi Kaunta akaweka alama.

"'Hakikisha mpangilio ni sahihi.' Mpangilio wa nini, mwanangu?" Alimtazama shemeji juu ya miwani. "Wewe uliyeandika haya, ulikuwa na gari linakusubiri?"

Shemeji akafungua kinywa.

"Ameapishwa, shangazi," Bi Kaunta akamwahi. "Hasemi."

"Basi nisikilizwe mimi. Wodini, ukimwambia mgonjwa 'tumia dawa ipasavyo', umemuua. Unamwambia: kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, umeshakula. Na unamwambia pia: mkojo ukibadilika rangi usiogope, ni dawa. La sivyo ataacha dawa siku ya pili."

Mpaka saa inakwisha, Bi Kaunta alikuwa ameweka alama kumi na nne. Shemeji aliinuka, akatoka, akanywa maji, akarudi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejisikia akikoroma.

"Hatua ya kwanza," alisema taratibu, "ina hatua sita ndani yake."

"Saba," Shangazi akamsahihisha. "Hukuhesabu kuwasha kompyuta."

Wakaiandika upya. Kazi hiyo iliwachukua majuma matatu, na si bila vita. Shemeji aling'ang'ania maneno yake makubwa. Bi Kaunta aliyabandua moja baada ya moja, na yale yasiyobanduka akayaeleza palepale yalipotokea. Ukurasa wa kwanza ulianza na waya: upi unafaa, upi haufai, na jinsi ya kuutambua. Taa ilichorwa ikiwa imeshikwa na vidole, mguu mrefu umetiwa rangi. Chini ya kila hatua waliandika kitakachoonekana mambo yakienda sawa, na la kufanya yasipokwenda. Halafu Bi Kaunta akapita na kalamu nyekundu akifuta neno "tu". Bonyeza tu, unganisha tu, chagua tu. Lilikuwepo mahali kumi na saba.

"Limekukosea nini?" shemeji aliuliza.

"Mtu aliyekwama akisoma 'bonyeza tu', anajiona mpumbavu. Hatarudi kuuliza. Atarudisha bodi."

Shemeji akakuna kidevu, kisha akamsogezea ukurasa uliofuata ili naye ufutwe.

Karatasi mpya ya kwanza ilipelekwa kwa fundi cherehani, na Bi Kaunta aliipeleka mwenyewe, pamoja na bodi yake na waya unaofaa. Siku mbili baadaye, pale karakanani pa nguo, pasi ilisahauliwa kwa makusudi, kengele ikalia, na wateja wawili wakaruka vitini. Fundi alisimama akiitazama ile bodi mkono kiunoni, kama mtu anayetazama suti iliyomkaa mteja. Tangi la Shangazi nalo lilianza kupiga kelele, tena kelele ambazo jirani zake walizilalamikia. Yeye akajibu kwamba maji yakimwagika hawalalamiki.

Dukani, bodi zilizorudi mwezi uliofuata zilikuwa tatu. Bi Kaunta alihamishiwa meza ndogo kando ya dirisha, akapewa kazi ya kuandika karatasi za vifaa vyote, naye akaifurahia kuliko alivyotegemea. Asubuhi hufungua barua za wateja kwanza, kabla ya chai.

Juzi ilikuja moja ya dereva wa lori. Anajifunza bodi akisubiri mizigo, ameiegemeza kwenye usukani. "Hatua ya saba," aliandika, "mnasema kitufe kiko kushoto. Ukiishika bodi kama picha yenu inavyoonyesha, kiko kulia. Nilibonyeza hewa nusu saa."

Bi Kaunta akaichukua bodi, akaishika kama pichani. Kulia. Watu watatu walikuwa wameupitia ukurasa ule, Shangazi akiwemo, na hakuna aliyeliona kosa hilo.

"Shemeji!" aliita huku akicheka. "Njoo uone. Safari hii kosa ni langu."

Akasahihisha, akapiga chapa upya, akamwandikia dereva kumshukuru, na kumuuliza amekwama wapi tena.