Nani Hayupo: Kuvusha Wazee Kabla ya Daraja

"Nani hayupo?"

Dereva wangu wa kwanza aliniuliza swali hilo kivukoni, upande wa Kigongo, jioni ya Jumatatu ya Pasaka, abiria wakiwa wameshakaa na injini inanguruma. Mkononi nilikuwa na orodha ya abiria na kalamu mbili, na nyumbani nilikuwa na shahada ya chuo kikuu ndani ya bahasha. Nilijua kwamba abiria wangu ni ishirini na wanane. Nani hayupo, sikujua.

Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Sasa nina miaka thelathini na miwili, na wastaafu wa kweli watacheka wakisikia naandika kumbukumbu za kazi. Wacheke tu. Kazi niliyoifanya imestaafu kabla yangu. Nyinyi mnaoanza leo kuhudumia safari za siku moja kutoka Mwanza mnapita juu ya daraja mkiwa mmekaa, mkimaliza wimbo mmoja wa redio mmeshafika ng'ambo, Busisi. Sisi tulivuka kwa kivuko, na kivuko kilikuwa na utaratibu wake: gari linaingia na dereva peke yake, abiria wote wanashuka, wanapita kwenye banda la kusubiria na kuingia kwa miguu. Ng'ambo wanatoka kwa miguu, wanalitafuta gari lao, wanapanda tena. Jioni, mkirudi, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo katika safari moja mhudumu alikabidhiwa watu wake asubuhi, kisha ziwa likawatawanya mara mbili, na mara mbili yeye akawakusanya.

Nilipata kazi hiyo baada ya kukaa miaka miwili bila kazi. Meneja alikuwa mama mmoja aliyewahi kusoma Uingereza. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mjini, na biashara yake nzima ilitokana na kitu alichokiona kule. Alinieleza siku ya usaili. Baridi inapoanza kuisha, alisema, wazee wa kule wanapandishwa basi asubuhi, wanapelekwa mji mdogo wa pwani, wanakaa kwenye mabenchi na makoti yao wakitazama bahari, wanakula chipsi kwenye karatasi, jioni wanarudishwa makwao.

"Wanaogelea?" niliuliza.

"Kwa baridi ile? Hawagusi hata maji."

"Sasa wanafaidi nini?"

"Wanafaidi kutoka. Huku kwetu mzee anapandishwa gari akiwa mgonjwa, au anapopelekwa msibani."

Nikamwambia kwamba watu wa huku wamezaliwa na ziwa na hawatalipa kwenda kulitazama. Nikamuuliza pia kama amefanya utafiti wa soko. "Wewe unauliza sana," akasema. "Nitakupanga na Mzee Masalu. Ana subira." Mpaka leo namshukuru kwa sentensi hiyo. Ofisi nyingine nilizopita na maswali yangu zilinionyesha mlango.

Mzee Masalu alikuwa Dereva Mkuu, mtu wa Misungwi, mfupi, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Asubuhi ile ya Pasaka tulifika Kisesa kuwachukua akina mama wazee wa kigango kimoja. Walikuwa wametusubiri uani, wote wamevaa kitenge cha sare, kijani chenye picha za mikate na zabibu. Mzee Masalu alizima gari, akashuka, akaanza kuwasalimu mmoja mmoja kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, akiuliza miguu, macho, wajukuu. Nilitazama saa. Tulikuwa tumechelewa kwa dakika ishirini, na mimi nilikuwa nimefundishwa kuheshimu ratiba.

Walipokaa nikapanda. Nikasimama mbele, nikainua kalamu, nikaanza kuhesabu vichwa: moja, mbili, tatu. Nilipofika saba, sauti ikatoka siti ya mbele.

"We mjukuu. Shusha hiyo kalamu."

Alikuwa Bibi Nyamizi, kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye pengo la meno mawili.

"Naam, bibi?"

"Watu hawahesabiwi kwa kunyooshewa kitu. Ukituhesabu hivyo hatutarudi wote."

Wenzake wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa nimesomea sosholojia. Nilijua kwamba zipo jamii zenye mwiko wa kuhesabu watu au mifugo, nilikuwa hata nimejibu swali la mtihani juu ya jambo hilo. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani. Sikuamini mwiko, lakini niliamini kwamba wao wanauamini, na nikatafuta njia ya kuuzunguka. Meneja alikuwa ametupatia pakiti ishirini na nane za karanga za kuchemsha. Nikazigawa haraka haraka, siti kwa siti, macho yangu kwenye pakiti. Ziliisha zote.

"Wametimia, msomi?" akauliza Mzee Masalu.

"Wametimia."

"Umejuaje?"

"Karanga zimeisha."

Alinitazama kwenye kioo cha ndani. "Haya," akasema, akawasha gari. "Basi tumepakia karanga."

Tulipita Usagara, tukavuka salama, tukafika ufukwe mmoja mbele ya Busisi, wenye mchanga mweupe na viti vya plastiki. Hapo utafiti wangu wa soko ulikufa. Wale bibi walikaa wakiyatazama maji kama ilivyokuwa katika hadithi ya Meneja, kwa robo saa hivi. Kisha mmoja akapandisha kitenge mpaka magotini na kuingia. Mwingine akafuata. Muda si mrefu walikuwa wameshikana mikono kumi na zaidi, wakipiga kelele kila wimbi lilipowafikia, wakitukanana kwa utani wa mawifi. Bibi Nyamizi alirudi kitini huku miguu inachuruzika.

"Bibi, kwani hukuwahi kufika ziwani?"

"Nimefika sana. Nimekuja na ndoo, nimekuja kununua dagaa, nimekuja kupokea maiti. Leo ziwa halinitumi kitu." Akamenya karanga. "Andika hilo kwenye daftari lako."

Niliandika.

Jioni tukavuka kurudi. Upande wa Kigongo nilisimama mlangoni mwa gari na katoni ya maji, nikampa kila anayepanda chupa moja. Chupa ishirini na nane, zikaisha. Nikamwambia Mzee Masalu kwamba wametimia. Yeye alikuwa anatazama kioo.

"Nani hayupo?"

"Hakuna, mzee. Wote ishirini na wanane."

"Sikukuuliza wangapi. Nyuma ya Bibi Nyamizi, dirishani, siti iko wazi. Nani hayupo?"

Nikageuka. Nyuso ishirini na saba zilinitazama, na hakuna hata moja niliyoweza kuiita jina. Bibi Nyamizi akainua mikono, kila mmoja una chupa.

"Mama wee! Kabula! Wifi yangu Kabula!"

"Chupa mbili, bibi?"

"Nilimchukulia yake. Nilijua yuko nyuma yangu."

"Ana simu?"

"Anayo," akasema, akaipapasa kwenye mkoba wake mwenyewe. "Hii hapa."

Kelele zilianza. Mmoja akasema Kabula jicho la kulia halioni. Mwingine akauliza kama kuna mtu aliyemwona ndani ya kivuko, na hakuna aliyekuwa amemwona. Hapo sote tukageuka kuyatazama maji. Nilikumbuka ule mlango wa chuma wa kivuko unaoshuka na kulala ufukweni, na jinsi watu wanavyosukumana wakitoka. Nilikumbuka pia maneno ya asubuhi, hatutarudi wote.

"Rudi ukamchukue," Mzee Masalu aliniambia kwa sauti ya chini. "Kivuko hicho kinaondoka."

"Nitamtambuaje?"

Nadhani hakuna swali nililowahi kuuliza lililoniaibisha kama hilo. Nilikuwa nimemhudumia mwanamke yule tangu alfajiri.

"Amevaa kitenge chetu!" akapaza Bibi Nyamizi.

Nilikimbia. Safari ya ng'ambo, ambayo asubuhi niliiona fupi, ilikuwa ndefu kuliko miaka yangu miwili ya kutafuta kazi. Nilisimama ukingoni mwa kivuko nikitazama chini, nikiogopa kuona kijani.

Banda la kusubiria la Busisi lilikuwa limejaa kijani. Jumatatu ya Pasaka nusu ya kanda ya ziwa ilikuwa imevaa sare, na kikundi cha kutoka Geita kilikuwa kimechagua mikate na zabibu zile zile. Niliita "Bibi Kabula!" lakini kwa makelele yale hakuna aliyegeuka. Ikabidi nianze mwisho wa benchi la kwanza. Niliinama mbele ya bibi wa kwanza, nikamtazama macho.

"Shikamoo bibi. Wewe ni Bibi Kabula wa Kisesa?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu."

Wa pili, wa tatu, wa nne. Mmoja akaniuliza mimi ni wa nani, ikabidi nijibu mpaka jina la babu. Mmoja akanishika mkono hakutaka kuuachia. Kwenye benchi la tatu, karibu na nguzo, alikaa mwanamke mdogo wa umbo, akila samaki wa kukaanga kwenye gazeti bila haraka yoyote.

"Shikamoo bibi."

Alimaliza kutafuna. Akaligeuza kwangu jicho lake zima.

"Marahaba. Ndiyo unaniamkia leo? Tangu asubuhi?"

Nilipiga magoti pale pale nikalia. Alinipa kipande cha samaki. Alikuwa ameogopa msukumano wa mlangoni, akaamua kusubiri kivuko kinachofuata. "Kinarudi," alisema. "Si ndiyo kazi yake?" Tulivuka pamoja, mkono wake begani kwangu, akinisimulia watoto wake wote saba kwa majina.

Mzee Masalu hakuniripoti. Alimweleza Meneja kwamba tulichelewa kwa sababu ya foleni, jambo ambalo kivukoni lilikuwa kweli kila siku. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa Meneja kesho yake nikamweleza yote, nikitarajia kufukuzwa. Alisikiliza, akasema, "Sasa una jibu la swali lako la usaili, wanafaidi nini." Nilimuuliza jibu lipi. Akasema niendelee na kazi.

Kwa miaka sita nilifanya kazi hiyo. Mzee Masalu alinifundisha alichokiita hesabu ya mlango: mhudumu anasimama chini, mlangoni, na kila anayepanda anasalimiwa kwa jina na kushikwa mkono, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Orodha ya abiria inakaa mfukoni. "Namba inakuambia umepungukiwa," alikuwa akisema. "Jina linakuambia ukatafute wapi." Mama Sabina atakuwa chooni, Mzee Petro atakuwa anabishana na wauza samaki, yule mwenye magoti mabovu yuko nyuma, msubiri. Nilimbishia kwa muda mrefu kwamba njia hiyo ni ya polepole. Ni ya polepole kweli. Lakini sikumwacha mtu tena.

Baadaye nilisafiri na wanafunzi, na kwaya, na walimu wastaafu kutoka mkoa wa Mara waliotaka kuimba njia nzima. Nilipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa wahudumu, nilifundisha wengine tisa. Somo la kwanza lilikuwa lile la Bibi Nyamizi: wazee wa huku wana mwiko, usiwanyooshee kidole wala kalamu. Nililifundisha kwa uhakika wote wa mtu mwenye shahada.

Kisha daraja likafunguliwa. Mara ya kwanza tulipovuka juu yake akina mama wa Kisesa walipiga vigelegele mwanzo mpaka mwisho, nami nilipiga nao, maana sitamani mtu yeyote arudi kwenye ile jioni. Bibi Kabula aligeuza jicho lake dirishani, akasema ziwa limekuwa dogo. Meneja alisubiri miezi michache, akaniita akaniambia ukweli: mtu hashuki tena njiani, dereva na mhudumu wanatosha, msimamizi hana tena kazi. Tuliagana vizuri. Sasa nafanya kazi ya ofisini, na asubuhi napita meza kwa meza nikishika mikono, wenzangu wanadhani nagombea kitu.

Mwezi uliopita, nilipoamua kuandika haya, nilikwenda Kisesa kumwona Bibi Nyamizi. Nilitaka maneno kamili ya ule mwiko, nisije nikaukosea. Nilimkuta anachambua mchicha na wifi yake.

"Mwiko gani?" akauliza.

Nikamkumbusha. Kalamu, siti ya mbele, hatutarudi wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mchicha chini, akaanza kucheka kwa lile pengo lake.

"Kabula, unasikia? Mtoto amefundisha watu!" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Hakukuwa na mwiko wowote, mjukuu wangu. Ulipanda gari letu ukatuelekezea kalamu kama mnunuzi wa mbuzi mnadani, hujaamkia hata mmoja. Nikasema, huyu nimtafutie sababu ya kupita kwetu mmoja mmoja, atushike mikono. Wewe ukaleta karanga."