Anayebaki Mezani

Kila mwaka likikaa jopo la kuchagua tafiti za kupewa fedha za serikali, mama mmoja mjumbe hukaa kiti kile kile cha dirishani, akichonga penseli ambayo bado ina ncha. Sheria ni kwamba anayemjua mwombaji atoke nje huyo akijadiliwa, na alama alizompa zisihesabiwe. Wenzake hutoka wawili wawili, na vicheko vyao vya koridoni humkuta mezani. Yeye hana mwombaji wa kumtoa nje, hata wa kusingiziwa kumjua. Jana lilisomwa jina geni hata kwake, la mtafiti ambaye yeye peke yake ndiye aliyempa alama za juu. Akainua mkono.

“Unamfahamu, mama?” mwenyekiti akauliza.

“Namfahamu sana.”

Akatoka, akaurudishia mlango taratibu. Koridoni hapakuwa na mtu. Vicheko vilikuwa ndani.